Mayai Mdomoni mwa Marsela

Ukungu ulirudi kwenye mayai ya samaki mwanzoni mwa Kwaresima. Vedasto aliuona asubuhi alipoinua gunia lililofunika chupa. Katika kila chupa kulikuwa na tonge jeupe lenye manyoya, kama pamba iliyolowa, na ndani ya tonge mayai ya perege yalikuwa yameshikana, mazima kwa mabovu. Aliitoa chupa ya kwanza akaimwaga kwenye migomba. Akatoa ya pili. Mke wake Marsela alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mkononi ana unyoya wa kuku wa kuondolea mayai yaliyokufa, na alikuwa anaongea.

"Nilikuambia jana, nikakuambia juzi. Maji hayasukumi. Mayai yakilala yanakufa, na yakifa yanaota pamba, na pamba haichagui nani mzima. Mwaga tu, Baba Adrian, migomba ishibe. Mwaka huu tutakula ndizi zenye harufu ya Ijumaa Kuu."

Vedasto akamwaga ya tatu. Hakuwa mtu wa maneno. Shule aliiacha darasa la tano akaenda kuchunga ng'ombe wa baba yake, na tangu hapo alisema kile kilichohitajika, kisha akanyamaza. Ndani ya nyumba mwongeaji alikuwa Marsela, na aliongea kwa wote wawili.

Kazi yao ilikuwa kutotolesha vifaranga vya samaki na kuwauzia wenye mabwawa, kuanzia pale chini ya msitu wa Ngorongoro mpaka Endabash. Perege jike hutunza mayai mdomoni. Huyageuzageuza humo, hali kitu, mpaka yaanguliwe. Vedasto alimvua kwa wavu mdogo, akamshika kichwa chini juu ya beseni la maji, akamtikisa taratibu, naye akayatema. Mayai waliyatia kwenye chupa zile kubwa za maji ya kunywa zilizokatwa matako na kupinduliwa, na mpira ukaingiza maji kwa chini. Maji yakisukuma, mayai yanacheza kama yalivyocheza mdomoni mwa mama yao, na ukungu haupati pa kushika.

Maji yalitoka kwenye kijito kinachoshuka kutoka msituni. Zamani, walipooana, kijito kile kilikuwa na kelele. Ulikisikia ukiwa kitandani, na Marsela alilazimika kupaza sauti ili mumewe amsikie, na hiyo sauti hakuishusha tena. Vedasto akirudi kutoka shambani alimsikia kabla hajaona bati la nyumba. Alimsikia akigombana na mbuzi, akimsimulia jirani habari za mnadani Karatu, akiimba, akirudi tena kwa mbuzi. Akifika mlangoni alikuwa tayari anajua yote yaliyotokea siku ile, hata kilichopikwa.

Kisha ikajengwa lodge ya watalii kule juu, mpakani mwa msitu, yenye vyumba vinavyotazama bonde na bwawa la kuogelea linalotazama vyumba. Mafundi walifunga bomba kwenye chemchemi, na kwenye bomba wakafunga koki yenye gurudumu kubwa kama usukani wa lori. Kilichobaki kikateremka kijijini. Kwa mwaka wa kwanza kilitosha. Baada ya hapo kikawa kinatambaa.

Afisa uvuvi alikuja na pikipiki kutoka mjini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alitazama lile tonge jeupe, akaeleza kwamba kwa kweli huo si ukungu hasa, ni kiumbe kingine kinachofanana na ukungu.

"Kinaua?" Vedasto aliuliza.

"Kinaua, Mzee."

"Basi ni ukungu."

Kijana akawaonyesha namna ya kuyaogesha mayai kwa maji ya chumvi, akawaachia dawa ya formalini na kipimo chake, akawasisitizia kutoa mayai meupe kila asubuhi kabla hayajaambukiza mengine. Alipokuwa anavaa kofia yake ya pikipiki akasema dawa zote hizo zinasaidia, ila dawa ya kwanza ni maji yanayotembea.

"Na hayo umebeba?" Marsela aliuliza. "Fungua huo mkoba tuone."

Kijana akacheka, akaondoka.

Chumvi ilisaidia. Formalini ilisaidia zaidi, ila ilimchoma Vedasto macho. Lakini maji yalizidi kutambaa, na ukungu ukarudi. Walijaribu kuwaachia perege mayai yao wenyewe. Maji yalipopungua bwawani, majike yakaingiwa na wasiwasi, yakayameza.

Asubuhi moja Vedasto alikuwa anasugua chupa kwa mchanga. Marsela alikuwa ameshika beseni lenye mayai yaliyotoka kutemwa, ya manjano, mazuri. Aliyatazama kwa muda. Akayachota kwa kiganja, akayatia mdomoni.

"Yana chumvi?" Vedasto aliuliza.

Akatikisa kichwa kukataa.

Vedasto akaendelea kusugua chupa. Mashavu ya mkewe yalijaa kidogo, kama ya mtu anayepoza kiazi, na taya lake likawa linakwenda polepole, upande huu na upande huu. Hakula mchana wala jioni. Hakula mpaka mayai yalipoanguliwa, na wala hakukonda. Siku yenyewe aliinamia beseni bandani, akafungua mdomo, na vifaranga vikatoka kama moshi mwembamba. Kunguru alipita juu, kivuli chake kikaingia mlangoni, na vifaranga vyote vikarudi mdomoni kwa mama, kama ilivyo desturi ya perege. Ikabidi Marsela asubiri kunguru aende zake. Hakuna yai hata moja lililoota pamba.

Vedasto naye alijaribu. Yeye hubwia ugoro, na mayai yakafa kabla ya chai. Mdogo wake Marsela, Selestina, alikuja kutoka Kansay kusaidia, akayaweka mdomoni vizuri kabisa, halafu akacheka, na hiyo ndiyo shida ya Selestina. Ikawa wazi kwamba kazi hii ina mtu wake. Pia ikajulikana kwamba Marsela akishayatia mdomoni, hayatemwi kabla ya wakati. Aliwahi kukohoa kanisani wakati wa sala ya waamini. Waliyaweka kwenye glasi ya maji safi, na misa ilipokwisha glasi ilikuwa imejaa pamba.

Kijiji kikazoea. Watu waliomkuta njiani walimsalimu, wakapokea kichwa kilichoinamishwa, wakaendelea. Katekista alifikiri, akaamua kwamba mama apokee komunyo mayai yakishaanguliwa, kwa kuwa haifai kuchanganya. Kwaya haikumwondoa. Alisimama kwenye mstari wa sauti ya pili akiwa na sare yake, mdomo umefungwa, na wenzake wakaiachia nafasi sauti yake, wakaimba kuizunguka. Wageni kutoka parokia nyingine walisema ile kwaya ina kitu, ila hawakukijua ni nini.

Mayai ya perege yalikuwa yanafuatana. Marsela akimaliza haya, mengine yako tayari. Katikati alipata siku ya kula na kuongea, na aliitumia yote. Vedasto aliingoja siku hiyo kama mtoto anavyoingoja Noeli, ingawa hakusema. Alibaki nyumbani akijifanya anatengeneza jembe. Marsela aliongea huku anamenya mbaazi, akieleza yaliyomjaa wakati mdomo ulipokuwa na kazi: nani ameoa vibaya, nani ameuza dume kwa ujinga. Alipofika kwenye habari za maji sauti yake ilipanda. Alikuwa mjumbe wa kamati ya maji. Alijua mfereji wa kwanza ulichimbwa na wazee gani, kila ukoo ulichimba kuanzia wapi hadi wapi, na nani aliyefukiwa na udongo akatolewa akiwa hai. Alijua walikubaliana nini walipokuja watu wa lodge, na kwamba makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu.

"Ngoja kiitwe kikao," alisema. "Waite tu kikao. Nitawaeleza mpaka viti viwaume matako."

Adrian, mtoto wao wa kwanza, huendesha magari ya watalii Arusha. Alipiga simu kila Jumapili.

"Mpe Mama."

"Mama ana mayai."

"Mpe hivyohivyo."

Vedasto alikuwa akimwekea mkewe simu shavuni. Adrian alisikiliza mayai yakigeuka, kama mchele unaopepetwa mbali, kisha akasema, "Haya Mama, nimekusikia," akakata.

Mlinzi wa lodge aliitwa Sairowua, Mmasai wa Soitsambu, mrefu, mwenye shuka nyekundu juu ya koti la kampuni. Kazi yake ilikuwa kuilinda koki. Siku za zamu ya mchana aliteremka kununua maziwa, akasimama kwenye banda la Vedasto, mbali kidogo, kwa kuwa harufu ya samaki haikumpendeza.

"Hivi kweli mnakula hawa?"

"Tunakula."

"Nyoka wenye mapezi." Akatema mate pembeni. "Mimi hata nikifa njaa, usinipe. Nipe ngozi ya ndala nitafune."

"Wewe linda koki yako."

"Nailinda. Koki haina miguu, lakini naambiwa niilinde. Rafiki yangu, kule juu maji wanamwagia nyasi. Nyasi ambazo haziliwi na ng'ombe hata mmoja. Nilimuuliza meneja nilete ndama watatu tu, akasema nyasi ni za kutazama."

Meneja aliitwa Patrisi. Ndiye aliyeteremka na gari jeupe kuagiza vifaranga. Lodge ilikuwa imechimba bwawa la mapambo mbele ya chumba cha kulia, wageni wapate kitu cha kutazama wakati wa chai. Alitaka vifaranga vingi kuliko Vedasto alivyowahi kuuza kwa mtu mmoja. Alisalimia vizuri, akavua miwani, akampa Marsela pole ya kazi. Marsela alikuwa na siku yake ya kuongea.

"Samaki watakaa kwenye maji yetu," alimwambia. "Uwaeleze."

"Nitawaeleza, Mama," Patrisi alisema.

Marsela akabeba mayai ya lodge. Yalikuwa mengi hata akawa anapumua kwa pua tu. Siku mbili tatu baadaye mbiu ikapigwa: kikao cha maji, pale kwenye uwanja wa ghala, kijiji na lodge, kupitisha mgao mpya. Kama Patrisi alipanga hivyo au ilitokea tu, hakuna aliyejua, na Vedasto hakuwa mtu wa kubuni.

Walikwenda. Marsela alivaa kitenge chake cha sikukuu. Vedasto alibeba beseni la bati lenye maji, akakaa nalo mapajani. Hakueleza kwa nini amelibeba, na Marsela hakuwa na namna ya kuuliza.

Patrisi alisoma mgao. Robo tatu lodge, robo kijiji, kwa kuwa lodge imeajiri vijana wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, Tluway, aliyekuwa na watoto wawili kwenye ajira hizo, akauliza kama kuna mwenye neno. Watu wote wakageuka kumtazama Marsela. Kila mtu alijua maneno anayo nani. Hakuna mwingine aliyejua habari za mfereji kwa mpangilio, maana miaka yote waliomsikiliza hawakuona haja ya kushika.

Kijijini kwao mtu mwenye kitu mdomoni haulizwi swali. Ni adabu ambayo mtoto hufundishwa kabla ya kujifunza kunawa. Ukimkuta mtu anatafuna, unatazama pembeni mpaka ameze, ndipo umsemeshe. Basi mkutano mzima ukatazama pembeni. Wanaume wakatazama ghala. Wanawake wakatazama mawingu yaliyokuwa yanashuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Hata Patrisi, aliyezaliwa kwingine, alipoona wote wamegeuka, akageuka. Walingoja kwa heshima kubwa, na ilikuwa kimya hata ng'ombe wa ng'ambo wakasikika wakinyonyesha.

Marsela akatazama beseni. Akamtazama mumewe.

Vedasto aliona. Ilitosha alinyanyue beseni mpaka kidevuni kwa mkewe, naye angetema. Lakini alifikiria zile chupa, tonge jeupe baada ya tonge jeupe, na migomba iliyoshiba mayai tangu mwaka uliopita, na haya ya sasa yaliyokuwa yamekaribia, mazima yote. Hakuweza kuyatazama yakiota pamba mikononi mwake. Akaliweka beseni chini ya benchi.

Kisha akasimama yeye.

"Maji ni yetu," alisema. "Mmeiba."

Watu walingoja aendelee. Hakuwa na zaidi.

"Baba Adrian," Tluway alisema, "mgeni haambiwi mwizi. Kaa chini. Mjumbe wa kamati ni Mama, na Mama ana mayai. Tusimsumbue."

Wote wakaona ni sawa. Mgao ukapita bila aliyepinga. Marsela alifumba macho, na taya lake likaendelea kwenda, upande huu na upande huu.

Vifaranga vilitoka vizima vyote. Patrisi alituma mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wakavipandisha lodge. Marsela alisuuza mdomo. Vedasto aliketi kwenye kigoda chake karibu na jembe, akangoja.

"Chumvi," Marsela alisema, akainyooshea kidole.

Vedasto akampa. Akangoja tena. Marsela alitia chumvi kwenye mboga, akala, akaosha sahani. Hakuwa amenuna. Alimtazama mumewe kwa wema. Maneno tu hayakuwepo. Kwenye zahanati, muuguzi alimmulika kinywani kwa tochi, akasema hajawahi kuona kinywa kisafi kama hiki, na kwamba ulimi uko mahali pake.

Msimu ulipogeuka, Sairowua alifika kwenye banda akasimama karibu kuliko kawaida.

"Shemeji anaongea bwawani," alisema.

"Bwawa gani?"

"La lodge. Wale nyoka wako wamekua. Jua likianza kulala wanatoa midomo juu ya maji na kuongea kwa sauti yake. Kiiraqw chenu mimi nakijua cha kununulia maziwa tu, lakini yeye namfahamu. Aliwahi kunitukana kwa ajili ya ndama."

Vedasto akavaa buti, akapanda. Sairowua alimpitisha geti la wafanyakazi, akamkalisha nyuma ya nyumba ya pampu, mahali ambapo wageni hawafiki. Wageni wenyewe walikuwa wamevuta viti kuzunguka bwawa, na vikombe mikononi. Perege walipanda juu, wakafungua midomo.

Ilikuwa ni yeye. Alianza na wazee waliochimba mfereji, mmoja mmoja, na kila ukoo ulipoanzia. Akaja kwa aliyefukiwa na udongo. Akaja kwa makubaliano, nusu kwa nusu, na nani alikuwepo, na nani alikula nyama ya makubaliano yale akajipangusa mikono kwenye majani. Hotuba yote, kwa mpangilio, kwa sauti ile ya kushindana na kijito. Hakuna neno lililoota ukungu.

Wageni walisikiliza wakiwa wametulia. Mmoja alifumba macho. Patrisi alikuwa ameshamuuliza mpishi, Mwiraqw, kinachosemwa ni nini, na mpishi akamjibu kwamba mama anazungumzia maji. Basi Patrisi aliwaeleza wageni kwamba ni mambo ya kale kuhusu maji, nao wakapenda.

Habari za maji zilipokwisha, zikaja za nyumbani. Sauti ilimgombeza mbuzi. Ikasema fulani ameuza dume kwa ujinga. Ikamwambia Baba Adrian asiingie na matope, kwani sakafu inajifagia? Vedasto, nyuma ya nyumba ya pampu, akavua buti. Alikaa hivyo, miguu mitupu kwenye zile nyasi za kutazama, mpaka mhudumu alipokuja kuwatupia samaki chakula na midomo ikajaa na kukawa kimya.

Alipokuwa anatoka, alimkuta Patrisi kwenye njia ya kokoto.

"Bwana Patrisi, umesikia anachosema."

"Nimesikia, Mzee wangu. Ana sauti nzuri."

"Anapinga."

"Angepinga kikaoni. Bwawani si kikaoni." Alilisema hilo bila ubaya, kisha akamruhusu aje kila Jumapili, bure.

Mara moja Vedasto alipanda na Marsela. Mkewe alisimama kando ya pampu, shingo ameinamisha, akasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayemsikiliza jirani mwenye akili. Mara mbili aliinamisha kichwa kukubali. Kisha akamvuta mumewe mkono wa shati, wakateremka, kwa kuwa kulikuwa na mayai yanayongoja na maji ya kwenye mpira hayakuwa yanasukuma.

Kilichogharimika ni hiki. Mfereji wa chini, wote, kuanzia kanisani. Bustani za vitunguu na kabichi za kaya kumi na moja, ambazo sasa ni za mahindi mvua ikipenda. Mabwawa mawili ya samaki kati ya matatu ya Vedasto. Sauti ya pili ya kwaya. Jumapili za Adrian, ambaye siku hizi huongea na baba yake, na simu zao ni fupi. Na ndani ya nyumba amebaki mwongeaji mmoja, ambaye tangu mwanzo hakuwa na mengi ya kusema.